Skripti ya kubana slaidi ihesabu fremu kwanza

Skripti, yaani programu ndogo ya kubana faili za slaidi, ikijisifu kwamba imepunguza ukubwa wa wasilisho kwa asilimia 90, usishangilie bado. Fungua slaidi zilizokuwa na picha zinazocheza. Huenda zimeganda.

Faili ya .pptx ni kifurushi cha zip, na picha zake hukaa kwenye folda ya ppt/media. Skripti nyingi hukifungua, huzipitia picha moja moja, huzipunguza pikseli, huzihifadhi, kisha hukifunga tena. Kwa picha za kamera hakuna tabu. Lakini GIF inayocheza ni msururu wa fremu (picha zinazofuatana) ndani ya faili moja, na maktaba kama Pillow, ya lugha ya Python, usipoiambia save_all=True, huandika fremu moja tu. Nyingine hutupwa kimyakimya.

Kinachonikera ni kwamba hitilafu hii huonekana kama ushindi. Hakuna ujumbe wa kosa, wasilisho linafunguka vizuri, na kijipicha cha slaidi kiko vilevile, kwa sababu fremu ya kwanza ndiyo iliyosalimika. Tena GIF ya fremu 60 ikibakizwa moja, ripoti ya skripti inang'aa kuliko kazi yoyote halali. Atakayegundua ni mtoa mada, akiwa mbele ya watu, pale grafu iliyopaswa kujichora hatua kwa hatua inapobaki mihimili mitupu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba skripti iulize kwanza idadi ya fremu, ukubwa wa faili baadaye. Wala isidanganywe na jina: GIF nyingi zina fremu moja tu, na hizo zishughulikiwe kama picha za kawaida. (Ukizigeuza kuwa PNG, rekebisha pia faili za .rels, zinazounganisha slaidi na picha zake, na ikibidi [Content_Types].xml, inayoorodhesha aina za mafaili, la sivyo picha hazitaonekana au PowerPoint itadai wasilisho limeharibika.)

Zenye fremu nyingi ni kazi nyingine kabisa. Kuzibana kwa zip hakusaidii kitu, maana tayari zimebanwa kwa LZW, mbinu ya kubana data iliyomo ndani ya GIF. Kupunguza upana na urefu kunasaidia sana, ila mara nyingi fremu huhifadhi sehemu iliyobadilika tu tangu fremu iliyotangulia. Ukizipunguza hivyohivyo utapata madoa na mabaki ya picha. ImageMagick, programu ya kuchakata picha, ina amri -coalesce ya kuzikamilisha kwanza, ndipo uzipunguze. gifsicle, programu ya kushughulikia GIF, nayo ni hodari, na --lossy yake hukubali chengachenga kidogo ili kuokoa baiti. Angalia pia muda wa kila fremu, unaohesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde: ukiondoa fremu moja katika kila mbili bila kuongeza muda, mwendo utakimbia maradufu.

Wapo watakaosema: zigeuze zote ziwe MP4. Kweli, video huwa nyepesi mno. Lakini GIF huanza yenyewe slaidi inapotokea, ilhali video huhitaji kupangiwa kuanza na kurudia ndani ya XML ya slaidi (maandishi yanayoieleza slaidi kwa PowerPoint), na mandharinyuma iliyokuwa wazi, inayoonyesha kilicho nyuma yake, hugeuka rangi moja. Uamuzi huo ni wa mwenye wasilisho, si wa mashine inayochakata mafaili usiku. Mimi ningeiacha GIF nzito jinsi ilivyo, niandike kwenye ripoti iko slaidi ya ngapi na ina megabaiti ngapi, halafu asilimia ya upungufu ihesabiwe bila hiyo.