Si kuondoka, ni alikokwenda
Eti mashabiki wa Oklahoma City walimchukia Kevin Durant, nyota wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), alipoihama timu yao ya Thunder, kwa kuwa hawaelewi kwamba kikapu ni kazi kama kazi nyingine? Hapana. Wachezaji kuhama tumezoea. Kilichouma ni alikokwenda. Mwaka 2016 Thunder waliongoza kwa mechi 3-1 dhidi ya timu ya Golden State kwenye mtoano (anayefikisha ushindi wa mechi nne ndiye anayepita), wakapoteza mechi tatu mfululizo, na wiki chache baadaye nyota wao akajiunga na haohao waliowatoa, timu iliyokuwa imeshinda mechi 73 msimu ule! Kuchoma jezi yake, kama walivyofanya baadhi ya mashabiki, sikubaliani nako (umeinunua kwa hela yako, unamkomoa nani?), lakini zile zomeazomea za Februari 2017 aliporudi Oklahoma City akiwa na Golden State, hata mimi ningezomea. Angehamia timu dhaifu, nyie mngemzomea?