Tintin Kongo: nani ana haki ya kuichapa upya?

Juni 1930, nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle, ilianza kutoa katuni ya Tintin, mwandishi wa habari kijana wa Kibelgiji, akiwa Kongo, wakati huo koloni la Ubelgiji. Mchoraji wake, Hergé, hakuwahi kukanyaga huko. Wakongomani wake wana midomo ya kubandikwa na wanamsujudia mgeni. Katika ukurasa mmoja Tintin anashika darasa la misheni na kuwafundisha watoto habari za nchi yao: Ubelgiji. Hergé alipoichora upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo likaondolewa, likawekwa la hesabu, mbili kujumlisha mbili. Midomo ikabaki.

Mwaka 2007 Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alikwenda mahakamani Brussels akitaka kitabu kiondolewe madukani, au angalau kiwekewe onyo. Mwaka 2012 alishindwa: mahakama haikuona nia ya kubagua. Wanaotetea kichapwe kama kilivyo husema ukikifuta umefuta ushahidi. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana toleo la 1946 linaniudhi zaidi, kwa kuwa lilimsitiri mkoloni na kumwacha Mwafrika vilevile. Lakini kukataa hata onyo? Toleo la Kiingereza tayari lilikuwa na utangulizi wa maelezo. Wasomaji wa Kifaransa walisubiri hadi 2023 ndipo likatoka toleo lenye dibaji ya namna hiyo.

Na aliyeamua ni mwenye hakimiliki. Hergé alifariki 1983, hivyo Ulaya kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2053. Wasimamizi wake wana hoja: yeye mwenyewe hakutaka Tintin aendelezwe na mtu mwingine. Ila ukali wao umewahi kuwarudi. Mwaka 2015, mahakama ya rufaa ya The Hague, Uholanzi, ilipokea hati ya 1942 inayoonyesha kwamba Hergé alishampa mchapishaji Casterman haki za vitabu, na hivyo klabu ndogo ya mashabiki waliyoishtaki ikashinda.

Marekani mambo ni tofauti. Kurasa za 1930 zimekuwa mali ya umma, yaani hazina tena hakimiliki, tangu Januari 2026, na za 1931 zitafuata 2027. Mtu anaweza kuzichapa huko bila maelezo yoyote, kwa dhihaka tupu, na hatari hiyo si ndogo. Mimi naikubali, kwa sababu sasa mwanahistoria wa Kinshasa anaweza kutoa toleo lake huko na kuandika pembeni mwa kila picha anachokijua, bila kuomba ruhusa Brussels.