Umesoma historia na unapenda mazingira? Usikimbilie kubadili kozi

Kila msimu wa kuomba nafasi za masta ukifika napata meseji zinazofanana, mtu kamaliza digrii ya historia au Kiswahili au falsafa, mambo ya mazingira yanamkaa moyoni, anataka aendelee nayo, ila nyumbani na hata chuoni kaambiwa mazingira ni ya watu wa sayansi, kwa hiyo ama akasome misitu ama aachane nayo. Jibu langu kwa wote ni moja, baki na insia yako, yani hayo masomo ya historia, lugha, fasihi, dini na falsafa, na mazingira uyasomee humo humo. Na sisemi hivyo kukufariji, nasema kwa sababu kuna maswali ya mazingira hapa kwetu ambayo bila mtu wa historia, dini, lugha na fasihi yatabaki hayajajibiwa, na kukaa bila majibu kunatugharimu.

Chukua Uluguru, milima ya kule Morogoro, maana ndio mahali ninapopajua vizuri. Mito inayotoka kwenye milima ile ndiyo inayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua jiji likaingia kwenye mgao wa maji, na maneno yakawa yale yale tuliyoyazoea, wakulima wa milimani wanakata miti, wanachoma moto, wanalima mpaka kwenye vyanzo, wapewe elimu. Sawa, ila mbona hakuna anayeuliza hao wakulima walishawahi "kupewa elimu" lini na iliishia wapi?

Walipewa. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango mkubwa wa kuhifadhi udongo, Uluguru Land Usage Scheme, ULUS wakiuita kwa kifupi, na kiini chake kilikuwa kuchimba ngazi kwenye miteremko ili maji ya mvua yasishuke kwa kasi na kuondoka na udongo. Kwenye karatasi ilikaa vizuri kabisa. Lakini kazi ilikuwa ya lazima, asiyechimba anapigwa faini, na udongo wenye rutuba kule juu sehemu nyingi ni tabaka jembamba tu, ukichimba ngazi unaufukia ule mzuri na kutoa juu ule mwekundu usio na kitu, mtu anatoka jasho wiki nzima halafu mahindi yanatoka ya njano. Julai 1955 kule Matombo watu wakachoka, zikatokea ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukafa nao. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu iundwe, na hasira za namna hii, za matuta ya lazima Uluguru na Usambara, ziliipa watu wengi sana vijijini.

Sasa ukimuuliza mtu wa udongo kwa nini ULUS ilishindwa atakujibu sehemu, na ni sehemu muhimu wala siidharau. Mwaka 1972 mwanajiografia Paul Temple aliandika kuhusu sera zile na akaonyesha kwamba Waluguru walikuwa na ngazi zao wenyewe, za kulaza magugu kwenye mteremko na kuyafunika kwa udongo, nyepesi na zinazofaa pale. Lakini kuna sehemu nyingine ambayo huipati kwa kupima udongo hata ukae huko miaka. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo, ya lukolo, mtu wa nje akitaka kulima anaazimwa shamba na kutoa ngoto kwa mkuu wa ukoo kama alama ya kukubali kwamba ardhi sio yake. Kwa utaratibu huo kitu chochote cha kudumu shambani ni suala la umiliki. Anayelima shamba la kuazima achimbe ngazi za kudumu za nani? Na mwenye ukoo akiona serikali inachimbisha ngazi kwenye ardhi ya mababu zake aelewe nini, kama sio kwamba inataka kuichukua? Wale maofisa waliandika kwenye mafaili yao kwamba watu ni wakaidi. Haukuwa ukaidi, zilikuwa hesabu za mtu anayejua ardhi inavyopotea.

Halafu kuna Kolelo. Pango la Kolelo lilikuwa mahali pa kuombea mvua na rutuba ya ardhi, watu walitoka mbali kwenda pale, na jina lake linatajwa pamoja na Bokero, mzimu wa Rufiji, kwenye historia ya vita vya Maji Maji vya 1905. Yani kwa watu wale mvua, shamba na mamlaka vilikuwa kitu kimoja, na Mjerumani alipokuja kutenga misitu ya juu kuwa hifadhi ya serikali alikuwa anagusa vyote vitatu kwa mpigo. Mtu anayetaka kuandika leo "mpango shirikishi wa uhifadhi" wa kijiji cha pale bila kulijua hilo anaanza safari katikati ya njia.

Kuna bibi mmoja upande wa Matombo alinitoa nyuma ya nyumba yake akanionyesha mabaki ya ngazi, zimejaa migomba na kingo zimelainika, ukipita haraka unadhani ni umbo la mlima tu. Alikuwa msichana wakati zinachimbwa. Alinieleza mama yake alivyokuwa akiamka kabla ya alfajiri ili alime shamba lake mwenyewe kwanza, ndipo aende kwenye ngazi, na wimbo waliokuwa wakiimba wanawake wakichimba, wimbo wa kumsema msimamizi kwa mafumbo na yeye amesimama pale pale anausikiliza. Huo wimbo sijaukuta kwenye faili lolote. Mzigo mkubwa wa kazi ile ulikuwa mgongoni kwa wanawake, na ukisoma ripoti peke yake unaweza ukamaliza tasnifu nzima bila kulijua hilo.

Na hapa ndio penye haraka yangu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1955 sasa hivi yuko katikati ya miaka ya 80. Mwanafunzi anayeomba masta mwaka huu ni katika wa mwisho kabisa watakaoweza kukaa na hawa watu. Udongo utapimwa hata miaka 20 ijayo, mafaili ya Nyaraka za Taifa pale Dar yatakuwepo Mungu akipenda, lakini wale wazee hapana.

Kwa hiyo inaniuma sana nikiona andiko zuri la mwanafunzi linarudishwa na mtu kwenye meza anauliza namba ziko wapi, sampuli ni watu wangapi, matokeo yatapunguza mmomonyoko kwa asilimia ngapi. Na hela za utafiti wa mazingira zipo, ila nyingi zimeandikwa kwa lugha ya kupima kaboni na mvua, mtu wa fasihi anaalikwa mwishoni kabisa kutengeneza vipeperushi vya "uhamasishaji". Nadhani hilo ni kosa kubwa la wanaogawa hizo hela. Wenzetu huko nje hawaoni ajabu, Munich kuna Rachel Carson Center tangu 2009, kituo kizima cha mazingira kwa macho ya historia na insia, na watafiti kutoka Afrika wanakwenda. Lakini sitaki kila anayetaka kusoma Uluguru aanzie Munich. Tayari sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu milima ile yameandikwa na wageni, kwa Kiingereza, na watu wa Mgeta na Kinole hawajawahi kuyaona.

Ukiamua kuja, mambo machache ya vitendo. Anza na mafaili kabla hujapanda mlima ili ujue uulize nini, ila usiyaamini kabla hujapanda. Tafuta msimamizi wa pili kutoka jiografia au misitu, akubane kwenye mambo ya udongo na maji, kwa sababu mtu wa insia asiyejua mmomonyoko unatokeaje naye ataandika hadithi tu. Mfano mvua ya Februari 1970 kule Mgeta ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 ndani ya masaa machache, ni lazima ujue kwa nini mashamba yaliteleza wakati msitu ulishika ardhi, ndipo uende ukamuulize mzee aliyeiona siku ile. Jifunze Kiluguru hata cha salamu na majina ya mimea. Rekodi weka sehemu zaidi ya moja. Na tasnifu ikishapita, andika muhtasari wa kurasa kama 20 kwa Kiswahili cha kawaida, uchapishe, uwapelekee waliokusimulia, na nakala nyingine uache shule ya kata.