Kiti mwendo si picha ya makabidhiano

Watanzania tulioko Uingereza hupenda kusema kwamba huku serikali inatoa viti mwendo bure na nyumbani hakuna kitu. Pande zote mbili tunakosea. Nyumbani vinatolewa, tena kwa mbwembwe: mgeni rasmi, kamera, vigelegele. Na huku havitolewi, vinaazimishwa. Kiti cha NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hubaki mali ya NHS, kwa hiyo kikiharibika matengenezo ni juu yao.

Kabla ya kiti, mtu hupimwa. Upana wa nyonga ndio upana wa kiti. Urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 6, ndio kina chake. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino hupanga kimo cha kikanyagio, na hapo usisahau unene wa mto. Viti vya msaada mara nyingi ni vile vya hospitali, upana wa inchi 18 kwa kila mtu. Mtoto humo hulalia upande mmoja hadi mgongo ukapinda. Aliyepooza asiyehisi makalio, akikalia kitambaa kitupu bila mto wa kupunguza mgandamizo, hupata kidonda kwa urahisi, na kidonda hicho huweza kuua.

Halafu barabara. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani, vumbi linakula beringi, bomba za kukunjia zinakatika penye tundu la bolti. Fremu ikiwa ya alumini, fundi wa kuchomelea wa mtaani hana la kufanya. Fremu ya chuma yenye tairi za baiskeli, na gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbali, hutengenezeka kwa fundi baiskeli yeyote. Ningekuwa naandika zabuni ya halmashauri, sharti hilo lingetangulia bei.

Huku nako si peponi. Foleni ya kupimwa huweza kula miezi, na anayetaka kiti cha umeme kwa ajili ya nje tu kwa kawaida hapewi. Tangu Desemba 2019, England, anayestahili kiti cha NHS ana haki ya bajeti binafsi ya kiti, yaani fedha ambazo NHS ingetumia kwa kiti chake: anaweza kuongeza za kwake akanunua anachokitaka. Akikimiliki mwenyewe, na matengenezo anayabeba mwenyewe.

Nyumbani wataalamu tunao: TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi pale hospitali ya KCMC Moshi, kinafundisha tangu 1981. Fedha nazo zina mlango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya asilimia hizo 10, mbili ni za watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa biashara, haununui beringi za mtu mmoja mmoja. Ila kikundi cha mafundi wenye ulemavu kinaweza kuutumia kufungua karakana, na halmashauri ikawa mteja wake: kila kiti inachokabidhi kiandikwe namba, kirudi kukaguliwa kila baada ya miezi 6, na ankara ya tyubu, spoki na beringi ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, si kwa mwenye kiti.