Samaki wa Mawe Wapo Kigoma, Tulia Uwaone

Mtu wa Kigoma akitaka kuona samaki wa rangi huambiwa apande treni hadi Dar, kisha avuke kwenda Mafia. Matumbawe ya kule ni mazuri, hilo halina ubishi. Ila kwa mwenye Ziwa Tanganyika mlangoni, naona tunamwelekeza vibaya. Matumbawe hayaoti kwenye maji yasiyo na chumvi, lakini mawe ya ufukwe wetu yamejaa sikilidi, ndugu wa sato. Ziwa lina aina zake zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Wengi huwakosa kwa haraka yao. Wanafika ufukwe wa Jakobsen hapa Kigoma saa tisa alasiri upepo umeshatibua maji, wanapiga miguu dakika kumi, wanatoka wakisema hamna kitu. Nenda saa nne asubuhi, jua limepanda na ziwa bado limelala. Mvua kubwa ikinyesha, ahirisha, na midomo ya mito iepuke kabisa.

Miwani iwe ile inayofunika pua. Ukishuka mita mbili tatu na ile ya kuogelea tu, macho yanabanwa na huna pa kupitishia hewa. Yenye pua unapuliza kidogo, inaachia. Paka mate ndani ya kioo, suuza, ukungu hautashika. Nywele zikibaki chini ya mpira, maji yataingia. Na aliyezoea kuelea baharini ajue kwamba hapa hakuna chumvi ya kumbeba, atachoka mapema. Avae jaketi la kuokolea.

Juu ya mawe, kwenye kina cha mita moja hadi tano, acha kupiga miguu. Elea tu. Waliojificha wataanza kutoka. Yupo mwenye mdomo uliotazama chini, anakwangua mwani jiweni huku akimfukuza kila jirani anayesogea. Mtazame koo: likiwa limetuna, huenda ni jike aliyebeba watoto mdomoni. Ukibahatika utamwona mla magamba, ambaye mdomo wake umepinda upande. Aliyepinda kulia humvizia mwenzake kwa nyuma na kumnyofoa magamba ya ubavu wa kushoto. Aliyepinda kushoto hufuata ubavu wa kulia. Hilo pekee linatosha kumtoa mtu nyumbani!

Usiingize mkono katika nyufa, swila wa maji hujificha humo. Habari za mamba waulize wavuvi kabla hujaingia. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo mawe yanayopigwa na mawimbi yana nafuu, ingawa si kinga. Kapime wiki kadhaa baadaye.

Kinachoniuma ni tope. Miti ikikatwa mlimani, udongo hushuka na mvua, unatua juu ya mawe na kufunika mwani, na yule mkwanguaji anakosa chakula palepale alipozaliwa. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisizoruhusiwa shughuli za kudumu. Mita hizo zilindwe, na mlima wa nyuma yake upandwe miti.