Woga wa Kuachwa na Kocha

Novemba 12, 2023, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfukuza kazi Jimbo Fisher, kocha mkuu wa timu yake ya futiboli ya Marekani. Jana yake timu hiyohiyo ilikuwa imeichapa Mississippi State 51-10. Kufukuzwa kwake hakukumshangaza mtu. Kilichowaacha watu midomo wazi ni fidia: zaidi ya dola milioni 75, alipwe ili asifundishe. Rekodi ya awali kwa kocha wa chuo ilikuwa ya Gus Malzahn pale Auburn, 2020, nayo ilikuwa kama milioni 21 na ushei.

Kwa msiofuatilia mchezo huu wa mpira wa yai, msidhani nazungumzia bonanza la wanafunzi. Kyle Field, uwanja wa chuo hicho katika mji wa College Station, unaingiza watu zaidi ya 102,000. Wote wanaoujaza Uwanja wa Mkapa wangeingia humo, na bado pangebaki nafasi za watu elfu 40. Kocha mkuu ni mtumishi wa chuo na analipwa kuliko profesa yeyote aliye pale. Hamu nayo ni ya miaka mingi, kwani mara ya mwisho Texas A&M kuwa mabingwa wa taifa ilikuwa 1939.

Hamu hiyo ilionekana wazi Desemba 2017 walipomleta Fisher, ambaye alikuwa ameshatwaa ubingwa na Florida State. Walimpa mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 75, wote umedhaminiwa, yaani hata akifukuzwa pesa zake analipwa. Kisha John Sharp, aliyekuwa mkuu wa mfumo wa vyuo vya Texas A&M, akamkabidhi kibao cha ukumbusho wa ubingwa wa taifa chenye mwaka ulioanzwa tu kwa "20", na pengo mbele yake. Kazi ya kocha ilikuwa kulijaza pengo. Mtu hajafundisha hata mechi moja, ameshapewa kibao cha ushindi!

Ila mimi mkataba huo wa kwanza siulaumu sana. Mtu anayeanza kazi lazima umvutie. Kilichowaponza ni ule wa pili.

Mwaka 2020 Fisher alimaliza na ushindi mara tisa na kipigo kimoja, timu ikashika nafasi ya nne nchini. Kufikia wakati huo Scott Woodward, mkurugenzi wa michezo aliyemleta Texas, alikuwa amehamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, jirani na hasimu wa Texas A&M, na minong'ono ikaanza kwamba angekuja kumchukua mtu wake. Septemba 2021 Texas A&M wakamwongezea Fisher mkataba hadi 2031, kama dola milioni tisa kwa mwaka, zote zimedhaminiwa. Alikuwa bado ana miaka zaidi ya sita kwenye mkataba wa zamani. Ajabu ni kwamba kipengele cha kumzuia asiondoke hakikuwemo: akitaka kwenda, anakwenda bila kulipa hata senti. Chuo kilijifunga kamba miguu yote miwili, mwenzake akabaki huru.

Mwaka uliofuata wakafungwa nyumbani na Appalachian State, 17-14, wakamaliza msimu wakiwa na ushindi tano na vipigo saba. Hapo kila mtu akaanza kupiga hesabu za fidia. Takriban milioni 19 zilipwe ndani ya siku 60, halafu zaidi ya milioni saba kila mwaka hadi 2031, na hata Fisher akipata kazi kwingine hazipungui. Chuo kilieleza kwamba pesa hizo zingetoka idara ya michezo na wafadhili. Sawa, lakini hao wafadhili wangeweza kuombwa kitu kingine.

Tuje kwenye usiku wa Novemba 25, 2023. Habari zilivuja kwamba kocha mpya angekuwa Mark Stoops wa Kentucky. Mashabiki wakawaka mtandaoni, na ikaripotiwa kuwa hata baadhi ya wajumbe wa bodi ya chuo walikuwa wanapinga. Usiku wa manane Stoops akaandika kwamba anabaki Kentucky. Wachambuzi wengi waliita aibu, kwamba chuo kinaongozwa na kelele za mitandaoni. Kwa Stoops ilikuwa kukosewa adabu, hilo nakubali. Lakini katika sakata zima ule ndio usiku pekee ambao watu waliuliza "kwa nini huyu?" kabla wino haujamwagika. Mwaka 2021 hakupiga kelele mtu. Na Kentucky wenyewe walimfungashia Stoops virago Desemba 2025.

Siku mbili baadaye akatangazwa Mike Elko. Huyu alikuwa kocha wa ulinzi palepale Texas A&M chini ya Fisher, 2018 hadi 2021, kisha akaenda Duke kuwa kocha mkuu. Walikuwa naye nyumbani wakati wanamwaga mamilioni kwa bosi wake. Walimpata kwa kama milioni saba kwa mwaka, pungufu ya Fisher, pamoja na nyongeza zinazotegemea matokeo.

Oktoba 25, 2025, Elko aliwafunga LSU 49-25 kwao Baton Rouge. Kesho yake LSU wakamfukuza Brian Kelly, huku akiwadai fidia ya dola milioni 50 na zaidi. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, akaja juu kwamba Woodward hatachagua kocha mwingine, akimtwisha na hasara ya Texas A&M pia. Hapo gavana alichanganya mambo: mkataba wa 2021 uliandikwa Woodward akiwa ameshaondoka, na mrithi wake Ross Bjork ndiye aliyekuwa ofisini. Woodward akatoka. Kisha LSU wakamchukua Lane Kiffin kutoka Ole Miss kwa miaka saba, kama milioni 13 kwa mwaka. Ile hasira yote ya gavana juu ya mikataba minono iliishia hapo.

Na Texas A&M? Novemba 2025, timu haijafungwa hata mechi moja na vyuo vikubwa vingine vinatafuta makocha, wakamwongezea Elko mkataba hadi 2031 kwa zaidi ya milioni 11 kwa mwaka. Elko anastahili pesa nzuri, amefanya kazi. Ila mwezi uliofuata walitolewa raundi ya kwanza ya mchujo wa ubingwa wa taifa na Miami, 10-3, kwenye uwanja wao wenyewe, na hundi za Fisher nazo zinaendelea kutoka kila mwaka hadi 2031 hiyohiyo.