Kilomita 8 kwa lita: kipimo kinachowaonea madereva wa pikapu Kusini

Ukikaa na wenye pikapu za dizeli Mtwara, Masasi au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, haipiti muda utasikia namba moja: 8. Gari lisilo na ubovu linatakiwa liende kilomita 8 kwa lita. Likienda 6, dereva kanyonya mafuta. Mjadala unaishia hapo, na posho ya dereva mara nyingi inaishia hapo hapo. Nimeshika daftari la safari za mfanyabiashara mmoja wa mazao kwa misimu minne ya korosho, na msimu wa kwanza mimi mwenyewe nilikata fedha za watu kwa namba hiyo, bila kuuliza ilitoka wapi.

Wenye magari hawasemi upuuzi. Mafuta ndiyo yanayokula faida ya usafirishaji, na bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hubadilika kila mwezi ilhali bei ya kubeba gunia mmeshakubaliana. Wizi nao upo. Kuna mpira na dumu, kuna risiti ya sheli iliyoandikwa lita 60 huku zilizoingia ni 50. Mtu aliyekaa Mtwara mjini hamwoni dereva wake aliye Kitangari usiku, kwa hiyo anahitaji kitu cha kumshikia, na namba moja inashikika kirahisi. Tena ina faida yake: dereva anayejua atapimwa hapigi mbio ovyo kwenye lami, na mbio ni mafuta, kwa sababu ukinzani wa upepo hupanda kwa mraba wa mwendo. Mwendo wa 110 badala ya 80 unakaribia kuuongeza maradufu.

Lakini hiyo 8 ni ya lami. Ni ya gari jepesi linalotoka Mtwara kwenda Masasi kwa kupitia Mnazi Mmoja, mwendo wa wastani, bila foleni. Chukua Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi). Ni injini ya kuaminika, inavumilia vumbi na mafundi wa kila aina, ila ni ya mtindo wa zamani, dizeli inawakia kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni na joto jingi linapotelea humo. Ukiilinganisha na Hilux mpya yenye tabo, ambayo barabarani inanusa tu mafuta, unalinganisha vitu viwili tofauti. Hata Marekani, wanakotumia pikapu kubwa kama Ford F-250 na Ram 2500, sheria haiwalazimishi watengenezaji kubandika kiwango cha ulaji mafuta kwenye pikapu ambayo uzito wake wa juu ulioruhusiwa, pamoja na mzigo, unazidi kilo 3,856. Wenye magari hayo hujipimia wenyewe, na anayevuta trela nzito huona kilomita zake zikishuka hadi karibu nusu. Sisi tunamdai dereva wa Tandahimba namba ambayo mtengenezaji mwenyewe hakuiahidi.

Sasa mpandishe huyo dereva Newala. Kutoka usawa wa bahari hadi juu ya uwanda wa Wamakonde ni karibu mita 700. Gari na mzigo vikiwa tani 3.5, kazi ya kuvinyanyua tu, mbali na msuguano wowote, ni megajuli 24 (megajuli ni kipimo cha nishati). Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na injini kama hii inageuza robo hadi theluthi yake tu kuwa kazi. Hapo zimekwenda zaidi ya lita 2 ambazo hakuna mtu kaziiba. Wakati wa kushuka utasema zitarudi, lakini zinarudi kiasi tu. Nyingine zinaishia kwenye breki. Na mlima ndio unaohesabika kwa urahisi. Mchanga wa njia za ndani kwenda vyama vya msingi, ambako gari linatembelea gia ya pili na difu ya mbele imeingizwa, unakula kuliko mlima, na hauonekani kwenye ramani yoyote.

Halafu kuna foleni ya ghala. Oktoba na Novemba magari yanapanga mstari kusubiri kupima, na madereva wengi hawazimi injini, wengine kwa sababu betri imechoka na wanaogopa gari kugoma. Injini ya ukubwa huo ikinguruma bila kutembea inachoma karibu lita moja kwa saa. Saa nne za foleni ni lita 4 na kilomita sifuri. Hapo dereva ana kosa kama angeweza kuzima. Ila kosa hilo si wizi, na dawa yake ni betri mpya.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu yenyewe ya kilomita kwa lita, kwa sababu inadanganya hata mtu mwaminifu. Gari likishuka kutoka kilomita 10 hadi 9 kwa lita, na jingine likishuka kutoka 6 hadi 5, tunasema yote mawili yamepoteza kilomita moja. Yageuze uyatazame kwa kilomita 100. La kwanza lilikuwa linatumia lita 10, sasa linatumia 11.1. La pili lilikuwa linatumia 16.7, sasa linatumia 20. Hasara ya la pili ni mara tatu ya la kwanza. Mwenye gari ana haki ya kushtuka, kumbe, tena anashtuka kidogo kuliko inavyopasa. Anachokosea ni mahali pa kutazama. Fedha nyingi zimelala kwenye gari zito la njia mbovu: ukilitoa kwenye 5 ukalifikisha 6, umeokoa kuliko kuhangaika na gari la lami litoke 9 liende 10. Na gari la njia mbovu linatolewa kwenye 5 kwa upepo sahihi wa matairi, chujio safi la hewa na nozeli zilizopimwa. Kumfokea dereva hakulifikishi popote.

Mzigo nao unaigeuza namba kichwa chini. Chukua gari linaloenda kilomita 6.5 kwa lita likiwa na tani nzima ya magunia, na 7.5 likiwa na nusu tani. Kwa namba ya bosi, dereva wa nusu tani ndiye mzuri. Lakini ili afikishe tani hiyo kwa kilomita 100 lazima aende mara mbili, atumie karibu lita 27, wakati mwenzake katumia 15 na nusu kwa safari moja. Nimeona dereva akikataa magunia ya ziada gari likiwa na nafasi, akilinda wastani wake. Alikuwa na akili kabisa. Sisi ndio tulimfundisha.

Hata upimaji wenyewe una kasoro zake. Ukifunga matairi ambayo kipenyo chake kimezidi kwa asilimia 5, safari ya kilomita 300 itasomeka kama 286, na gari la 8 litaonekana la 7.6. Ukimpa dereva mafuta ya dumu la lita 20 kisha ukapiga hesabu, kosa la lita 3 kwenye kujaza, kwa sababu gari lilisimama kwenye mteremko au dizeli ilitoa povu, ni asilimia 15. Kosa hilo hilo kwenye lita 90 ni asilimia 3 tu. Jaza mpaka shingoni, sheli ile ile, kila mara, halafu kusanya safari kadhaa kabla ya kumtuhumu mtu.

Msimu wa pili niliongeza safu tatu kwenye daftari: njia, uzito, na saa za kusimama. Ulinganisho ukawa wa Newala kwa Newala, mzigo kwa mzigo. Wizi ulionekana upesi kuliko zamani, kwa sababu dereva mmoja wa njia ya lami, ambaye 8 ilikuwa ikimfunika siku zote, gari lake lilikuwa na uwezo wa 9 na nusu. Na pikapu iliyokuwa ikishuka kila mwezi kwenye njia ya Newala iliendelea kushuka hata tulipobadilisha dereva. Fundi alikuta breki ya nyuma kushoto imekamata na chujio la hewa limeziba vumbi jekundu. Dereva wa kwanza wa gari hilo nilikuwa nimemkata msimu uliotangulia. Nilimrudishia fedha yake yote mbele ya mwenye gari, daftari likiwa wazi mezani.